Miguu, Benchi na Maikrofoni: Mchezaji wa Kwetu Alivyochelewa Kupewa Neno

Huku Salamabila watu waliijua Kanada kwa njia ya dhahabu. Banro, kampuni iliyokuwa na makao yake Toronto, ndiyo iliyoujenga mgodi wa Namoya, ikaanza uzalishaji wa kibiashara mwaka 2016, na mwaka 2019 ikasimamisha kazi kwa kukosekana usalama. Kijana wa Kabambare aliyekulia kando ya mgodi ule atakueleza mengi kuhusu Wakanada na mawe yao, ila huenda asijue kwamba kwao kuna mchezo unaopendwa kama sisi tunavyoupenda mpira wa miguu. Ni hoki ya barafu: wachezaji sita kila upande, viatu vyenye makali ya chuma, magongo mikononi, wote wakigombea kisahani kigumu cha raba juu ya uwanja ulioganda.

Barafu ya Maniema huishia kwenye friji, kwa hiyo mchezo wenyewe si wetu. Kinachotuhusu ni desturi iliyoota pembeni yake. Kule, mchezaji akivua viatu hukaa kwenye benchi la ukocha, na akiondoka kwenye benchi hushika maikrofoni. Howie Meeker alijiunga na Toronto Maple Leafs baada ya Vita vya Pili vya Dunia, akafunga mabao matano katika mechi moja mwezi Januari 1947, akatajwa mchezaji bora chipukizi wa msimu, akatwaa Kombe la Stanley mara nne. Msimu wa 1956 hadi 1957 aliifundisha timu hiyohiyo. Baadaye akaingia kwenye televisheni, akawa anachora mistari juu ya picha za marudio kuwaonyesha watazamaji nani alisimama vibaya na kwa nini. Alifariki mwaka 2020, na Wakanada wengi waliomlilia hawakuwahi kumwona akicheza. Walimjua kwa sauti. Don Cherry naye alicheza mechi moja tu ya ligi kuu, akaifundisha Boston Bruins kuanzia 1974 hadi 1979, kisha akakaa kwenye skrini kwa karibu miaka 40 hadi alipofukuzwa mwaka 2019 kwa maneno aliyoyasema juu ya wahamiaji.

Kwetu njia hiyo ilikuwa na miiba. Miguu ilikuwa yetu tangu mwanzo. Benchi lilikaliwa na wageni, na maikrofoni ikashikwa na watu ambao kazi yao haikuwa kucheza. Historia ya mpira wa Kongo na Afrika Mashariki, ukiisoma kwa jicho hilo, ni historia ya mchezaji anayesubiri zamu yake ya kusema.

Enzi ya padri na kampuni

Mpira uliingia Kongo ya Wabelgiji kwa milango miwili: misheni na kampuni. Kinshasa, wakati huo Léopoldville, padri Raphaël de la Kethulle, ambaye wenyeji walimwita Tata Raphaël, alijenga shule na viwanja, na hadi leo uwanja mmoja wa jiji hilo una jina lake. Kusini, mwaka 1939, mapadri Wabenedikto wa Elisabethville waliunda timu ya wanafunzi wao. Timu hiyo ilibadili jina mara kadhaa, ikavaa jina la kampuni ya matairi ya Englebert, na leo dunia inaijua kama TP Mazembe. Padri ndiye aliyekuwa kocha, mwamuzi, mweka hazina na msemaji. Mchezaji alikuwa mwanafunzi au mfanyakazi, na mwanafunzi hasemi mpaka aulizwe.

Waliovuka bahari walikuwa wachache. Léon Mokuna alikwenda Sporting ya Lisbon mwaka 1954, kisha Gent ya Ubelgiji. Paul Bonga Bonga aliichezea Standard ya Liège na kufika nayo nusu fainali ya Kombe la Ulaya mwaka 1962, dhidi ya Real Madrid. Hawa walikuwa miongoni mwa Wakongo wa kwanza kulipwa kwa miguu yao. Habari zao zilirudi nyumbani kwa gazeti na redio ya mkoloni, na mwandishi wa habari hizo hakuwa wao.

Uhuru ulipokuja, mpira ukawa kazi ya serikali. Katikati ya miaka ya 1960 Mobutu aliwarudisha nyumbani wachezaji waliokuwa Ubelgiji, na kwa miaka mingi iliyofuata ilikuwa vigumu sana mchezaji kuondoka tena. Kwa upande wa ushindi, sera hiyo ilizaa matunda. Englebert ilitwaa ubingwa wa klabu za Afrika mwaka 1967 na 1968. Mwaka huohuo wa 1968, mjini Addis Ababa, Kongo iliifunga Ghana 1-0 na kutwaa Kombe la Mataifa, bao la Pierre Kalala. Mwaka 1973 AS Vita Club ikaongeza ubingwa mwingine wa klabu. Mwezi Machi 1974, mjini Cairo, fainali dhidi ya Zambia iliisha 2-2, ikarudiwa siku mbili baadaye, Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, ikashinda 2-0. Mabao yote manne ya Zaire yalifungwa na mtu mmoja, Ndaye Mulamba. Katika mashindano yale alifunga mabao tisa, na rekodi hiyo haijavunjwa.

Lakini tazama benchi. Mwaka 1968 lilikuwa na Mhungari, Ferenc Csanádi. Mwaka 1974 lilikuwa na Blagoje Vidinić kutoka Yugoslavia, kipa wa zamani aliyepata medali ya dhahabu ya Olimpiki mwaka 1960 na ambaye tayari alikuwa ameipeleka Morocco Kombe la Dunia la 1970. Vidinić alikuwa amepita njia kamili ya mchezaji kuwa kocha. Vijana aliowafundisha hawakuwa na njia hiyo bado.

Watu waliosemewa

Kilichotokea Ujerumani Magharibi mwezi Juni 1974 kinajulikana, ila kinajulikana vibaya. Zaire ilikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kusini mwa Sahara kufika Kombe la Dunia. Ilifungwa 2-0 na Scotland, 9-0 na Yugoslavia, 3-0 na Brazil. Katika mechi ya Yugoslavia mwamuzi alimtoa nje Ndaye Mulamba kwa kosa alilolitenda mwenzake, Mwepu Ilunga. Ndaye alijitetea, mwamuzi hakumsikiliza. Katika mechi ya Brazil, Wabrazil walipokuwa wakijiandaa kupiga mpira wa adhabu, Mwepu alitoka mbio kwenye ukuta na kuupiga mpira mbali. Watangazaji wa Ulaya walicheka, wakasema Waafrika hawa hawajui sheria. Picha ile imekuwa ikirudiwa kila yanapokaribia mashindano, na kicheko chake kikirudiwa nayo.

Mwepu alikuwa beki wa Mazembe, mtu aliyecheza fainali za Afrika. Sheria alizijua. Miaka mingi baadaye, BBC ilipomtafuta, alieleza kwamba alifanya makusudi. Wachezaji walikuwa hawajalipwa posho zao, watu wa rais walikuwa wamewatisha kuhusu idadi ya mabao watakayofungwa na Brazil, na yeye alitaka kuonyesha hasira yake hata kama angetolewa kwa kadi nyekundu. Maelezo yake yalisikika wakati kicheko kimeshazunguka dunia mara nyingi. Alifariki Kinshasa mwaka 2015.

Habari ya Ndaye ni nzito zaidi. Mwaka 1994 Shirikisho la Mpira la Afrika lilimtunuku medali mjini Tunis. Aliporudi nyumbani watu wenye silaha walimvamia wakidhani amerudi na fedha, wakampiga risasi mguuni. Alikimbilia Afrika Kusini, na huko Cape Town mfungaji huyu mkubwa akawa anaangalia magari ya watu kwenye maegesho. Mwaka 1998, kwenye Kombe la Mataifa lililofanyika Burkina Faso, uwanja mzima ulisimama kimya dakika moja kwa ajili yake, kwa sababu habari zilisema amekufa kwenye ajali ya mgodi huko Angola. Ndaye alikuwa hai. Alifariki kweli Januari 2019, miaka 21 baada ya kuombolezwa.

Msikilizaji wa Salamabila, anayejua jinsi habari za machimboni zinavyosafiri kwa mdomo, atamwelewa vizuri. Mtu asiye na maikrofoni anaweza hata kuzikwa na wengine akiwa bado anapumua.

Redio ilipomfanya mchezaji nyota

Upande wa mashariki, kuanzia pwani hadi maziwa makuu, hadithi ilikuwa na ladha nyingine kwa sababu ya redio ya Kiswahili. BBC ilianza matangazo ya Kiswahili tarehe 27 Juni 1957. Nairobi ilikuwa na Sauti ya Kenya, na Dar es Salaam redio yake ya taifa. Kiswahili kilichofika Kasongo kwa miguu ya misafara ya karne ya 19 sasa kilikuwa kinarudi hewani, na aliyekuwa na redio yenye masafa mafupi Maniema aliweza kusikia mpira ukichezwa mbali sana na Mto Lualaba.

Kutangaza mpira redioni ni ufundi wa peke yake. Msikilizaji haoni, kwa hiyo mtangazaji anatakiwa ampe mambo matatu bila kukoma: mpira uko wapi, uko kwa nani, matokeo ni mangapi. Watangazaji wa Kiswahili waliongeza jambo la nne, yaani raha ya lugha. Nchini Kenya, Leonard Mambo Mbotela na wenzake walilifanya jina la Joe Kadenge kuwa wimbo. Kila Kadenge alipougusa mpira, nchi nzima ilisikia maneno mawili matatu yaleyale: Kadenge na mpira. Tanzania ilikuwa na Ahmed Jongo, na baadaye Charles Hilary, aliyepita redio nyingi za ndani na nje kabla ya kufariki Mei 2025. Mbotela alikuwa ametangulia mwezi Februari mwaka huohuo.

Kadenge, mshambuliaji wa Maragoli United na Abaluhya, alizaliwa mwaka 1935. Kuna watu waliokufa bila kumwona uwanjani, lakini jina lake walilijua kama la jirani. Na bado sifa hiyo haikumpa mkate. Baada ya kustaafu aliendesha teksi Nairobi. Mwaka 2002, akiwa mzee wa zaidi ya miaka 60, alikabidhiwa kwa muda timu ya taifa. Alifariki Julai 2019, na vyombo vyote vya habari vikarudia maneno yale ya redio. Redio ilimpa Kadenge umaarufu usio na mshahara, nao waliolitaja jina lake ndio waliolipwa kwa kulitaja.

Makipa wakavunja mlango

Ukichunguza waliotangulia kutoka uwanjani hadi kwenye benchi au maikrofoni, utakuta makipa wengi kuliko unavyotarajia. Vidinić alikuwa kipa. Joseph-Antoine Bell wa Cameroon, aliyekuja kuwa mchambuzi wa kuheshimiwa wa redio ya Ufaransa RFI, alikuwa kipa. Hata kwenye hoki ya barafu, Kevin Weekes, mtoto wa wazazi kutoka Barbados aliyezaliwa Toronto, alilinda lango kwa misimu mingi kabla ya kuwa uso wa televisheni. Sababu haijifichi. Kipa ndiye mchezaji pekee anayeuona uwanja wote ukiwa mbele yake, na kazi yake nusu ni kupiga kelele: sogea, rudi, mshike huyo. Dakika 90 zake ni za kuangalia na kusema. Ukocha na utangazaji ni kazi hiyohiyo bila glavu.

James Siang'a alilinda lango la Gor Mahia na la Kenya. Alipokuwa kocha alivuka mpaka, na mwaka 2003 akiwa na Simba ya Dar es Salaam aliitoa Zamalek ya Misri, mabingwa watetezi wa Afrika, kwa mikwaju ya penalti huko kwao Cairo. Kipa aliyeibeba Simba siku ile, Juma Kaseja, naye baadaye akawa kocha. Kabla ya hapo Tanzania ilikuwa na mfano wa mshambuliaji. Abdallah Kibadeni, aliyefunga mabao matatu Simba ilipoifunga Yanga 6-0 mwaka 1977, ndiye aliyekuwa kocha Simba ilipofika fainali ya Kombe la CAF mwaka 1993 dhidi ya Stella ya Abidjan. Wote watatu walifika kwenye benchi. Maikrofoni ilikuwa bado.

Aliyezikusanya kazi zote tatu mkononi mwake ni Jacob Mulee wa Kenya, maarufu kwa jina la Ghost. Alicheza akiwa kipa, akajenga sifa ya ukocha akiwa na Tusker ya Nairobi, kisha akapewa timu ya taifa, Harambee Stars. Kenya ilikuwa haijafika Kombe la Mataifa tangu 1992. Mulee aliifikisha Tunisia mwaka 2004. Mechi mbili za mwanzo zilikuwa chungu, 3-1 mbele ya Mali na 3-0 mbele ya Senegal. Katika ya tatu Kenya iliifunga Burkina Faso 3-0, mabao ya Emmanuel Ake, Dennis Oliech na Derrick Baraza. Ulikuwa ushindi wa kwanza wa Kenya katika historia ya fainali hizo, na kocha alikuwa Mkenya.

Ungedhani mtu wa namna hiyo angeachwa afanye kazi. Haikuwa hivyo. Uongozi wa mpira wa Kenya uliingia kwenye ugomvi mkubwa hata FIFA ikaifungia nchi mwaka 2004 na tena 2006, na benchi la taifa likawa kiti cha kuzunguka. Alikaa Bernard Lama wa Ufaransa, akakaa Antoine Hey wa Ujerumani, na katikati yao waliitwa Wakenya kuzima moto. Mulee mwenyewe aliitwa, akaondoka, akaitwa tena. Mara ya mwisho ilikuwa Oktoba 2020, na Septemba 2021 aliachana na timu kwa makubaliano, nafasi yake ikachukuliwa na Mturuki Engin Fırat.

Tofauti ya Mulee na Kadenge ni kwamba Mulee, kila alipotoka kwenye benchi, alikuwa na mahali pa kukaa. Kwenye Radio Jambo, kituo cha Kiswahili cha Nairobi, yeye na Gidi, mwanamuziki wa zamani wa kundi la Gidi Gidi Maji Maji, walikuza kipindi cha asubuhi ambacho madereva wa matatu, mama wa sokoni na walinzi wa usiku wanaomaliza zamu wanakifuata. Ndani yake kuna sehemu ya Patanisho, ambamo wapenzi waliokosana wanapigiwa simu ili wapatane mbele ya taifa zima. Kocha aliyekuwa akiwatuliza mabeki sasa anawatuliza mume na mke, na kicheko chake kimekuwa alama ya kituo. Usiku kukiwa na mechi, asubuhi anaizungumzia akiwa mtu aliyewahi kubeba lawama ya kufungwa. Mtangazaji wa kawaida atasema bao liliingia dakika ya 80. Mtu kama Mulee atakuambia kwa nini beki wa kulia alikuwa amechoka tangu dakika ya 60 na kwa nini kocha alisita kumtoa.

Tanzania ilifuata mkondo huo kwa njia yake. Ally Mayay, nahodha wa zamani wa Yanga na Taifa Stars, aliingia studio akawa mchambuzi wa televisheni, akasikika sana hadi serikali ikamwita kuwa Mkurugenzi wa Maendeleo ya Michezo. Kwake studio ilikuwa daraja la kufika kwenye meza ya maamuzi. Akiwa uwanjani alisikiwa na wenzake kumi, akiwa studio akasikiwa na mawaziri.

Kongo ilipojaribu yenyewe

Huku kwetu, mlango wa benchi ulifunguka polepole. Kalala, mfungaji wa bao la 1968, alikuja kuifundisha timu ya taifa. Mwaka 1998, kwenye mashindano yaleyale ya Burkina Faso ambako Ndaye aliombolezwa akiwa hai, Kongo ilimaliza ya tatu ikiwa chini ya Mkongo, Louis Watunda. Mwaka 2009 Santos Muntubila, mchezaji wa zamani wa Leopards, timu ya taifa, alitwaa ubingwa wa CHAN ya kwanza kabisa, mashindano ya wachezaji wa ligi za ndani, baada ya kuifunga Ghana 2-0 mjini Abidjan. Mwaka 2015 Florent Ibenge aliifikisha Leopards nafasi ya tatu ya Afrika, na Februari 2016 akatwaa CHAN ya pili mjini Kigali kwa kuifunga Mali 3-0. Ukihesabu makombe, Mkongo kwenye benchi hajaifedhehesha nchi. Hata hivyo tangu 2022 benchi lina Mfaransa, Sébastien Desabre, na matokeo yake nayo si haba: alifika nusu fainali ya Kombe la Mataifa lililochezwa Côte d'Ivoire mapema 2024. Neno langu silo la kumkataa mgeni. Mgeni ana haki ya kufundisha. Shida ni pale mwenyeji anapoitwa wakati wa moto tu.

Kuhusu sauti, mpira wa Kongo kwa muda mrefu ulitangazwa hasa kwa Kifaransa na Kilingala kutoka Kinshasa. Mtu wa Maniema aliyetaka kusikia mpira ukichambuliwa kwa Kiswahili aligeuza kitafuta mawimbi upande wa mashariki. Ndiyo maana Mwinyi Zahera ana nafasi yake katika historia hii. Mkongo huyu, aliyekuwa pia msaidizi wa Ibenge kwenye timu ya taifa, alichukua Yanga mwaka 2018 wakati klabu hiyo ilikuwa na ukata mkubwa. Dar es Salaam ikagundua kwamba kocha kutoka Kongo anaweza kukaa mbele ya maikrofoni na kueleza mambo yake kwa Kiswahili bila mkalimani, Kiswahili cha kwetu chenye mwendo wake. Watu wa kule walitabasamu kwa lafudhi, lakini walimsikiliza, na waandishi walijua wakimfuata hawatarudi mikono mitupu. Aliachishwa kazi Novemba 2019. Nyuma yake Wakongo wakamiminika. Fiston Mayele aliibeba Yanga hadi fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2023, na katikati ya mwaka huohuo akafika Maxi Nzengeli, aliyetoka moja kwa moja AS Maniema Union ya Kindu.

Barafu inapoingia Nairobi

Hoki ya barafu nayo imeanza kutugusa, kwa ncha ya kidole. Johnny Oduya, aliyezaliwa Stockholm mwaka 1981 na baba Mkenya, alitwaa Kombe la Stanley mara mbili na Chicago Blackhawks, mwaka 2013 na 2015, na katikati akapata medali ya fedha ya Olimpiki na Sweden. Bokondji Imama, mwana wa wazazi kutoka Kongo aliyezaliwa Montreal mwaka 1996, alicheza mechi yake ya kwanza ya ligi kuu mwaka 2022 akiwa na Arizona Coyotes. Kabla ya kufika hapo alitukanwa uwanjani kwa rangi yake zaidi ya mara moja, na wapinzani waliomtukana walifungiwa. Imama hakunyamaza, alilisema jambo hilo hadharani. Mwaka 1974 Mwepu na Ndaye hawakuwa na mahali pa kulisemea la kwao.

Na Nairobi kwenyewe, kwenye uwanja mdogo wa barafu wa hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa, kuna timu iliyoanzishwa 2016 inayoitwa Ice Lions. Mwaka 2018 wachezaji wake walipelekwa Kanada, wakacheza mechi wakiwa pamoja na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, nyota wawili wakubwa wa mchezo huo. Safari hiyo ililipiwa na kampuni ya kahawa ya Kanada, ikatengenezewa filamu fupi iliyotazamwa sana. Hapo tena mwenye kamera ndiye aliyeshika hadithi, na vijana wa Nairobi wakawa wahusika. Timu ina umri mdogo, na siku zake za kujisimulia bado ziko mbele.

Zamu ya Maniema

Maniema Union ilianzishwa mwaka 2005. Haikuchukua hata miaka 20, ikafika hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika, msimu wa 2024 hadi 2025, kundi moja na Mamelodi Sundowns ya Afrika Kusini, Raja Casablanca na AS FAR za Morocco. Kwenye benchi alikuwa Papy Kimoto, mchezaji wa zamani. Mechi ya kwanza, huko Pretoria, timu ya Kindu iliinyima Sundowns bao na kutoka nayo 0-0. Wafanyabiashara wa Kasongo na wachimbaji wa Salamabila, watu ambao barabara inawanyima mengi, siku ile walikuwa na jambo lao la kujivunia mbele ya bara zima.

Miguu tunayo, basi, na benchi tumeanza kulikalia. Maikrofoni pia haiko mbali. Radio Okapi, iliyoanza Februari 2002, ina kituo Kindu na inasema Kiswahili. RFI ina idhaa ya Kiswahili tangu 2010. Kasongo ina Radio Sauti ya Mkaaji, redio ya jamii inayosikilizwa na watu wake wenyewe. Vituo vya namna hii havina fedha za kununua haki za matangazo ya Ulaya, lakini vinaweza kumweka kwenye kiti mtu aliyecheza ligi ya mkoa miaka ya 1980 na kumuuliza timu zilisafirije, nani alilipa viatu, kwa nini mechi fulani iliishia kwa fimbo. Mzee wa aina hiyo yuko kila mtaa. Hana cheti cha uandishi wa habari, ila anajua kipi kilitokea na kwa nini, na hicho ndicho kilichomfanya Meeker asikilizwe Kanada na Mulee asikilizwe Kenya.

Kusema nako ni kazi ya kujifunza. Mchezaji mstaafu anahitaji mtu wa kumfundisha kupumua mbele ya maikrofoni, kuacha mafumbo ya chumba cha kubadilishia nguo, na kumkosoa rafiki yake bila kumvunjia heshima. Ukocha una vyeti vyake, vinavyotolewa na CAF kwa ngazi, na anayevitaka hujua aanzie wapi. Uchambuzi hauna ngazi hizo, kwa hiyo mlango wake hufunguliwa na mkuu wa kituo anayeamua kwamba Jumatatu asubuhi atamwita aliyecheza badala ya kusoma matokeo kwenye karatasi.

Uamuzi huo ni wa bei ndogo kuliko kiatu cha mpira. Kizazi cha 1974 kilipewa nyumba na gari, kisha kikasahauliwa, na kilipokumbukwa kilikumbukwa kwa kicheko cha wengine. Kizazi cha Nzengeli kitapewa mshahara mnono zaidi, na mshahara nao huisha. Kitakachobaki ni maelezo ya mechi zile, nayo yatakuwa ya yule atakayekuwa wa kwanza kuyatoa.